Nyayo za Bi Rudayna

Riwaya tuliyoipokea huanza kwa kuwataja waliokuwapo ukumbini. Alikuwapo Bi Rudayna binti Asad, mjane mchaji, kipofu tangu ujanani. Alikuwapo mwanawe, Nuaym bin Hatim, mkuu wa walinzi wa mji wa Halabu. Alikuwapo Sawda, mtumishi wa Bibi. Na alikuwapo Yasir bin Mihran, fundi wa kusugua sakafu za mawe. Baadhi ya wasimulizi humwita bin Mahran. Sahihi ni Mihran.

Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya marumaru, imefifia kwa vumbi na moshi wa taa. Jiwe moja lilikuwa na mabonde mawili madogo, pale Bi Rudayna aliposimama kuswali miaka yote. Kwa mabonde hayo aliijua kibla bila kuelekezwa na mtu.

Nuaym alikuwa amemwonya fundi: "Sugua ukumbi wote. Jiwe la mama usiliguse. Ukiligusa, hutasugua jingine katika mji huu."

Yasir alisugua kwa mchanga laini na maji, kisha kwa sufu na nta, hadi ukumbi ukang'aa. Likabaki jiwe lile, limefifia katikati ya wenzake, na jicho lake la ufundi halikuvumilia. Alikusudia kulipitia juu juu tu. Alipoinua mkono, jiwe lilikuwa tambarare. Akamwaga maji ya kusuuzia sakafu nzima, mawe yote yakafanana.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Rudayna akaingia pekupeku, akapapasa kwa vidole vya miguu. Akapapasa tena.

"Fundi, mbona umejibanza nyuma ya nguzo?" Sawda akamtania. "Kazi nzuri hivi, njoo usifiwe."

Yasir akazidi kujificha.

"Nuaym," akasema Bibi, "miguu yangu haisikii kitu. Mahali pangu sipaoni."

"Ni uzee, mama. Sawda atakugeuza uelekee kibla."

"Basi nimeanza kufa kuanzia chini." Machozi yakamtoka.

Sababu aliijua fundi peke yake. Angenyamaza, angetoka na sifa zake na kazi yake. Akasogea mbele.

"Bibi, miguu yako ni mizima. Nyayo zako nimezifuta mimi."

Mkono wa Nuaym ukaenda kwenye upanga.

"Uteremshe mkono, mwanangu," akasema mama yake. "Wewe umenipa uzee. Huyu amenirudishia miguu."

Nuaym akauacha upanga, lakini onyo lake hakulitengua. Yasir hakusugua tena jiwe katika Halabu. Akawa mchukuzi wa maji sokoni. Kila adhuhuri alifika nyumbani kwa Bibi, akashika ncha moja ya bakora, Bibi akashika ya pili, naye Yasir akamfikisha kwenye jiwe lile lile.

Tuzingatie, ndugu zangu: ukweli ule haukumwondolea Yasir adhabu. Ulimwondolea mja wa Mwenyezi Mungu huzuni isiyo yake.

Bi Rudayna binti Asad alifariki mwezi wa Rajabu, mwaka ule ule.