Utamu wa Kisima cha Haji Muqatil

Wewe unayenisikiliza, ulishawahi kumwona mtu akijificha nyuma ya tauhidi ili asilipe bonasi? Kama hujamwona, hujaajiriwa bado. Tulia basi.

Inahadithiwa kutoka kwa waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika viunga vya Basra, ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, aliishi mchimba visima mchamungu aitwaye Hudhayl. Tajiri wa tende, Haji Muqatil, mwenye alama nyeusi ya sijida kwenye paji la uso, alimwajiri achimbe kisima cha sadaka kwa wasafiri. Wakakubaliana mbele ya mashahidi: ujira wa kila siku, na juu yake, maji yakitoka matamu, ngamia jike anayekamwa. Hudhayl hakumtaka ngamia kwa fahari. Mkewe Rayhana alikuwa amekaukwa na maziwa, na binti yao mchanga alikuwa akilambishwa maji ya tende.

Kwa desturi ya wachimbaji, yeye ndiye aliyeonja kwanza, angali shimoni, matope mpaka kifuani. Akapaza sauti: "Alhamdulillahi, ni matamu!" Huko juu watu wakapiga takbiri. Ujira akalipwa wote. Ngamia, kimya.

Alipokwenda kuuliza, Haji alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

"Ya Hudhayl, utamu wa maji nani kautia?"

"Allah, ya Haji."

"Khalas! Wewe umetoboa udongo, na udongo nimeulipia. Nikikulipa kwa utamu, nitakuwa nimekushirikisha na Mola wangu. Wataka niingie motoni kwa ajili ya ngamia?"

Waliokuwepo wakatikisa vichwa. Subhanallah, taqwa iliyoje!

Hudhayl akarudi na kibuyu alichobebea maziwa kikiwa kitupu. Jirani yake akamnong'oneza: "Tupa mzoga mle kisimani, ya akhi, tuone huo utamu."

"La wallahi. Wanaokunywa mle hawakunidhulumu."

Akaenda kwa kadhi, na Haji naye akaitwa barazani. Kadhi hakuzunguka: "Utamu ule ni kazi yako?"

Hudhayl akalipima swali. Akisema ndiyo, amesema uongo mbele ya Mola wake. Akisema siyo, mwanawe hana maziwa. Akainamisha kichwa.

"Si kazi yangu, ya kadhi. Sikuutia mimi. Lakini ahadi ya ngamia haikutoka kwa Allah, ilitoka kwa Haji."

"Mmesikia?" Muqatil akatabasamu. "Amekiri mwenyewe!"

Hapo Rayhana, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanaume na mtoto kifuani, akapita mbele, akaweka kikapu cha tende miguuni pa Haji.

"Ya ammi, natoka dukani kwako. Tende kavu bei yake ndogo. Hizi hapa nimeambiwa bei mara tatu. Kwani zina nini?"

"Hizo ni tamu, ewe mwanamke!" Haji akajibu kabla hajafikiri.

"Utamu wake nani kautia?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata kadhi alijifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Aliponyamaza, akasema: "Ya Muqatil, chagua. Mtoe ngamia leo, ama kuanzia leo uuze kila tende kwa bei ya kavu, usije ukamshirikisha Mola wako na mtende."

Kabla ya alasiri ngamia alikuwa amefungwa mlangoni kwa Hudhayl, na Rayhana yuko chini yake anakama.

Mwangalie mja yule. Mzoga ulikuwa karibu, na uongo ulikuwa karibu zaidi. Akaviacha vyote viwili, na haki yake ikamfikia ikiwa safi. Subira ile ilikuwa ibada yake kwa Mola wake. Haikuwa ruhusa ya Haji kukaa na ngamia wa watu zizini.

Nanyi mabosi wa leo, mnaosaini bonasi kwenye mkataba, kisha tageti ikifikiwa mnaitisha dua ofisini na kuwaambia vijana "sisi ni familia, malipo yenu yako kwa Mungu": malipo ya Mungu yapo, wala hayajawahi kuhitaji msemaji. Hayo mliyoyasaini nyinyi yalipeni nyinyi, tena kamili, kabla hamjasimama safu ya mbele Ijumaa hii.