Jina la Mtoto wa Mwajabu

Sogeeni. Mikono iendelee kumenya karanga, masikio nipeni mimi. Nina fumbo la kule kwenye shamba la mkonge tulikokulia, enzi kengele ya shule ilipokuwa kipande cha reli, na sauti yake ilifika hadi jikoni kwetu.

Bi Kidawa aliuza karanga langoni pa shule. Hakujua kusoma, lakini karatasi ikipita mikononi mwake hakuisahau. Bi Nakijwa alikuwa amelea watoto wa meneja Mzungu; Kiingereza alikiokota kwa sikio, na sikio lake likikataa neno, limekataa. Mashavu alikuwa msichana wa darasa la saba. Huyo ungempa hata bei za dukani, angezitia kwenye wimbo wa kuruka kamba.

Dawati moja na Mashavu alikaa Mwajabu. Masomo yote aliyaweza, ila katika Kiingereza palikuwa na kisiki kimoja: kitenzi kikifuata kitenzi, ni lini uanze na “to”, na ni lini umalizie na “-ing”? Aliandika “I enjoy to sing”, akakosa. Akaandika “I want singing”, akakosa tena. Na mwaka ule nafasi ya msichana kwenda sekondari kutoka shule yetu ilikuwa moja tu. Kitabu cha sarufi nacho kilikuwa kimoja, na ukurasa wa jambo hilo ulikuwa umechanwa.

Bi Kidawa aliwasikia wasichana hao wawili wakilalamika langoni.

“Ukurasa uliobaki una picha gani?”

“Mtu ameshika kamba, lakini mwisho wa kamba hauonekani.”

“Mwisho wa kamba kuna mbwa,” alisema Bi Kidawa. “Nimefungia karanga karatasi hiyo leo asubuhi.”

Manyunyu yalikuwa yanaanza. Alifungua vifuko vyake kimoja kimoja, karanga zikamwagika kwenye ungo na kulowa, mpaka mbwa akaonekana. Karanga zilizolowa nani anazitaka? Alirudi nazo nyumbani zote.

Lakini mafuta na chumvi vilikuwa vimekula nusu ya ukurasa. Vitenzi vilisomeka, mifano haikusomeka. Mwajabu akaenda kwa Bi Nakijwa.

Sasa, Bi Nakijwa alifukuzwa kwa meneja kwa kusingiziwa kuiba kijiko cha fedha. Kijiko kilikuja kuonekana nyuma ya kabati, na hakuna aliyemwomba radhi. Akaapa lugha ile haitatoka tena kinywani mwake, na miaka tisa haikutoka. Mwajabu alipiga magoti jikoni. Bi Nakijwa akatwanga kisamvu, akatwanga, kisha akaweka mchi chini.

“Soma.”

“Enjoy to...”

“La! Meneja alikuwa akisema, ‘I enjoy walking.’ Na mkewe kila Jumapili, ‘I want to go home,’ huku analia.” Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. “Haya, endelea.”

Orodha ikajaa. Ila kichwani haikukaa. Jioni aliijua, asubuhi imetoka. Hapo Mashavu akaleta kamba. Enjoy, finish, avoid: tua kwa miguu miwili, “ing!” Want, hope, decide: ruka mbele, “to!” Waliruka wiki tatu, vumbi hadi magotini. Sisi wadogo tuliokaa pembeni tuliimba nao bila kuelewa kitu.

“Mashavu,” Mwajabu aliuliza siku moja, anahema, “kwani wewe huitaki nafasi hii?”

“Naitaka. Ruka.”

Matokeo yalipobandikwa, Mwajabu alikuwa wa kwanza. Mashavu alikuwa wa pili. Siku ya safari, Mashavu ndiye aliyebeba sanduku la mwenzake kichwani hadi stendi.

Miaka imepita. Mwajabu ni mwalimu wa Kiingereza. Alirudi kwa mama yake kujifungua, na siku ya saba aliwaita wote watatu. Mtoto ni wa kike, na kadi ya kliniki bado haina jina.

“Nataka aitwe jina la aliyenifikisha hapa,” alisema.

“Mpe yote matatu,” mama yake akashauri.

“Mama, akiitwa kula ataitwa mara tatu? Kila mtoto ana somo wake mmoja, mwenye jina kama lake, wa kumwendea hata akigombana na mimi.”

“Mimi nilitoa karatasi tu,” alisema Bi Kidawa.

“Mimi nilirudia maneno ya watu tu,” alisema Bi Nakijwa.

“Sisi tulikuwa tunacheza,” alisema Mashavu, mwanawe mgongoni. “Andika basi, wali unapoa.”

Walicheka wote. Lakini nilikuwepo, na niliona: Mwajabu alipoinua kalamu, wote watatu waliacha kucheka, na kila mmoja akatazama mkeka.

Bila karatasi, sikio lingesikiliza nini? Bila sikio, kamba ingeimba nini? Bila kamba, kichwani kungebaki nini? Mmoja alitoa riziki yake ya siku, mmoja kiapo chake, mmoja nafasi yake.

Haya, wanangu. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, na wale watatu wamekaa mbele yako, ungeandika jina la nani?