Matanga ya Fisifongo Aliye Hai

Si zamani za kale sana. Simu zilikuwa zimekwisha kuota macho mbele na nyuma, na ndani ya simu moja palikuwa na nchi iitwayo Pori la Vibuyu. Wanyama wa huko hawakuwa kama hawa wetu. Walitungwa na watu wa michezo ya simu, ambao waliona mnyama peke yake hatoshi, wakamchanganya na kitu. Simbawe alikuwa simba wa mawe, manyoya yake ya shingoni kokoto tupu. Pundapasi alikuwa punda mwenye tumbo la pasi ya mkaa. Fisifongo alikuwa fisi kwa sura na sifongo kwa mwili. Na Sungutaa alikuwa sungura mwenye masikio yanayowaka taa. Tabia zao lakini hazikuchanganywa na chochote: simba alijivuna, fisi alikuwa na roho ya kula, na sungura, hata ukimtia taa, ni sungura tu.

Mwenye simu alikuwa fundi cherehani, Tunu binti Kibwana. Mvua ya porini ilinyesha pale tu alipoufungua mchezo na kuanza kuwarushia wanyama vibuyu ili awanase. Basi ukafika msimu wa kushona sare za shule, Tunu akakosa hata nafasi ya kujikuna, na mchezo haukufunguliwa. Mito ikakauka, mabwawa yakapasuka. Kikabaki kisima kimoja.

Huko, juu ya kichwa cha kila mnyama huelea mstari wa uhai. Kijani ni mzima, njano ni taabani, nyekundu ni mahututi. Mstari ukiisha mnyama hufutika, na jina lake pia. Ndiyo maana si adabu kumtazama mtu juu ya kichwa. Sungutaa alikuwa ameivunja adabu hiyo siku nyingi, kwa kuwa mstari wa mama yake ulikuwa mwekundu kwa kiu na umebaki upana wa ukucha.

"Mwanangu, nitazame usoni," mama yake alisema.

"Nakutazama, Mama."

"Hunitazami. Unahesabu."

Sungutaa alitoka nje upesi asije akalia mbele yake. Maji yalikuwapo, na hapo ndipo uchungu ulipomzidi. Kisima kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka mlangoni, na ndani ya kisima alikuwa ameketi Fisifongo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kiangazi kilipoanza, Simbawe alikwenda kunywa akamkuta Fisifongo kakitia kisima makalio. Akanguruma, akamwita kwenye pigano. Papo hapo likachorwa duara jeupe kuwazunguka wote wawili na kisima chao, kama ilivyo kawaida ya nchi ile, na angani ukatokea Ubao wa maneno: NI ZAMU YA FISIFONGO.

Sheria ya pigano kila mtoto aliijua. Wapiganaji hupeana zamu. Kupiga ni zamu, kula ni zamu, kutoroka ni zamu. Asiyechukua zamu yake husubiriwa, na pigano lisipokwisha hakuna wa nje kuingia duarani. Fisifongo akaitafakari sheria hiyo, akaona ina tundu, akalipitia. Hakupiga, hakula, hakukimbia. Aliketi. Maji yakampanda taratibu kwa chini, kama yanavyompanda sifongo yeyote, naye hakuhitaji hata kufungua mdomo.

Siku thelathini na tisa zikapita. Fisifongo alifura hadi akawa mkubwa kuliko kisima. Simbawe alikuwa bado amesimama mbele yake, kucha hewani, akingoja.

"Shikamoo, Mzee Simbawe," Sungutaa alisema alipofika ukingoni mwa duara.

"Marahaba," Simbawe alijibu bila kugeuka. "Usidhani nimekwama. Nimesimama hivi kwa hiari yangu. Nampa nafasi ya kutubu."

"Tunaona, Mzee. Na mkono?"

"Mkono unapunga upepo."

Sungutaa akamgeukia Fisifongo. "Kaka, mama yangu anakufa. Nakuomba kikombe kimoja tu."

"Kumpa mtu maji ni zamu," Fisifongo alisema kwa huruma ya uongo. "Nikikupa, huyu bwana atanipiga. Wewe unataka nipigwe? Kuketi si zamu, mdogo wangu. Kuketi ni haki yangu."

Sungutaa akaenda, akarudi na paja la swala lililokaushwa, akalipitisha puani mwa fisi nje ya duara. Fisifongo alitetemeka mwili mzima. Mate yakamdondoka, lakini yakarudi kisimani, akayanyonya tena kwa chini. "Kula ni zamu," alinong'ona akiwa amefumba macho. "Kula ni zamu, kula ni zamu."

Sungutaa aliondoka amekasirika. Alimkasirikia fisi, akaikasirikia sheria, akamkasirikia na Tunu na sare zake. Lakini njiani alianza kucheka peke yake, na masikio yake yakawaka kidogo.

Kesho yake asubuhi alitandika mikeka kando ya duara. Akawaita wanyama wote, akaweka sinia za karanga na tende kavu, na yeye mwenyewe akajifunga kanga kichwani. Pundapasi alifika wa kwanza. Alikuwa mwema, ila akili yake ilichelewa kupata moto.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Ndugu yetu Fisifongo. Leo ni arobaini yake."

"Masikini! Mbona sikuambiwa?" Pundapasi akaangua kilio. Kwa kuwa hakuwa na maji mwilini, machozi hayakutoka, ila cheche mbili tatu.

"Nani amekufa?" Fisifongo alibweka kutoka kisimani. "Mimi mzima! Mnaniona!"

"Jamani, ninaisikia sauti yake mpaka leo," Sungutaa alisema akijipangusa macho. "Marehemu alipenda kubisha."

"Sungutaa! Usinichezee!"

"Aliye hai huchukua zamu yake," Sungutaa aliwaambia waombolezaji. "Huyu ameitwa siku arobaini nzima, hakuitika. Kama hajafa, yuko wapi?"

Wanyama walitazamana. Hoja ilikuwa nzito. Hata Simbawe, kucha bado hewani, alikiri kwamba kwa kweli alikuwa ameanza kuwa na shaka.

Wakala tende, wakasimulia wema wa marehemu, na kwa kuwa haukuwapo, shughuli hiyo ikaisha mapema. Kisha Sungutaa akasimama. "Sasa tugawe mirathi, kama ilivyo desturi. Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Ameacha pango, na ndani ya pango rundo la mifupa."

Fisifongo alinyoosha shingo.

Mifupa ikaletwa kwa machela, ikamwagwa juu ya mkeka, hatua tatu kutoka duarani. Sungutaa akaanza kugawa. Mbavu za nyumbu zikachukuliwa na jirani akatengenezee chanja. Taya la kiboko likaenda kwa mwenye kutaka kigoda. Kila mfupa ulipopata mwenyewe, Fisifongo alitoa mlio mdogo, na maji yakamtoka masikioni.

"Na huu je?" Sungutaa aliinua mfupa wa paja la nyati, mweupe na mnene, wenye uboho ndani. Fisifongo aliutunza miaka mitatu bila kuula, akiunusa kila asubuhi na kuurudisha.

Pundapasi akainua kwato. "Nipeni mimi. Mlango wangu unabamizwa na upepo. Nitauegemeza."

"Uegemeze mlango?" Fisifongo alisema kwa sauti nyembamba.

"Au niupondeponde, nizibe shimo la panya. Sijaamua."

"Chukua, ndugu yangu," Sungutaa alisema, "Mungu amrehemu aliyeuacha."

Pundapasi akaupokea na kuanza kuondoka nao.

"Wangu!" Fisifongo alipiga ukelele wa kutisha, akaruka kutoka kisimani akiyumba kwa uzito wa maji, akakimbilia ukingo wa duara mikono mbele. Akagonga ule mstari mweupe kama mtu aliyegonga ukuta. Juu angani Ubao ukaandika: FISIFONGO AMEJARIBU KUTOROKA. AMESHINDWA.

Kisha, baada ya kituo kidogo: NI ZAMU YA SIMBAWE.

"Ngoja," alisema Fisifongo, "tuzungumze."

Simbawe hakungoja. Pigo la siku arobaini lilimshukia fisi mgongoni, likamkamua kama tambara la kupigia deki. Maji yakaruka juu, yakaanguka juu ya mikeka, juu ya sinia, juu ya waombolezaji waliofungua vinywa, na mengi yakarudi kisimani hadi kikafurika. Ubao ukaandika: PIGANO LIMEKWISHA, na duara likafutika. Sungutaa hakungoja kushangilia. Alijaza kibuyu, akakimbia zile hatua mia mbili akiwa anamwaga na kulia, akamwinua mama yake kichwa, akamnywesha. Mstari ukawa wa njano. Akamnywesha tena, ukawa kijani. Ndipo alipomtazama mama yake usoni, akamtazama sana.

Fisifongo, aliyebaki mwembamba kama dodoki kuukuu, alijikokota mchana huo hadi mlangoni kwa Pundapasi.

"Nipe mfupa wangu," alisema.

Pundapasi alifikiri kwa muda mrefu, tumbo likitoa moshi. "Siwezi," alijibu. "Matanga yamekwisha anuliwa, na mimi nilikulilia kwa moyo wangu wote. Ukirudi sasa, utanitia aibu." Akafunga mlango, akauegemeza kwa ndani kwa mfupa ule ule.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.