Chati za Mwalimu Atupele

Mpanga darasa hupiga magoti. Mnacheka nini? Mama yenu amewaambia hivyo kwa sababu mmeweka vitabu vya mdogo wenu juu ya kabati, nanyi mnadhani ni habari za kusali. Si kusali, wajukuu zangu. Kaeni niwaambie neno hilo lilikotoka, maana nilikuwapo, nikifundisha chumba cha pili.

Darasa la kwanza lilikuwa la Mwalimu Atupele. Mchapakazi huyo, jamani! Alipasua mifuko ya salfeti, ile ya plastiki ya kutilia mbolea, akaandika silabi kwa rangi zikawa chati, akazitundika juu kabisa ili watoto wasizichane. Vizibo vya soda vya kuhesabia akaviweka juu ya kabati. Kila mgeni aliyesimama mlangoni alilisifu darasa lile.

Asubuhi alinyoosha fimbo, "Ba, be, bi!" na watoto wakaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Nani angejua kuna tatizo? Lakini Mwalimu Mkuu Mwangoka alipoandika silabi zilezile ubaoni na kumwita mtoto mmojammoja, hakuna aliyesoma.

"Mwalimu Atupele, mwezi ukiisha narudi," alisema. "Wasiposoma, darasa hili nampa mwingine."

Atupele alikuja kwangu analia. "Dada Sekela, nitanyang'anywa watoto wangu!"

Kesho yake, akishusha vizibo, kopo likamponyoka. Vizibo vikatawanyika chini ya madawati. Akapiga magoti kuviokota pamoja na watoto. Alipoinua macho kutoka pale chini, akashtuka. Chati zilikuwa zinameremeta kwa mwanga wa dirisha, na herufi hazionekani hata moja.

"Tusekile," akamwuliza mtoto aliyekuwa karibu, "ukikaa hapa unaona nini kule juu?"

"Naona kung'aa, Mwalimu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Sasa mbona ulikuwa unaitikia?"

"Si nilikuwa nafuata wenzangu!"

Atupele akacheka huku machozi yakimtoka. Akaniita kwa sauti: "Dada Sekela, njoo uone! Watoto wangu wana akili zao! Mimi ndiye niliyelipanga darasa kwa macho ya watu wazima!"

Nikaenda, nikapiga magoti. Kweli bwana, hakuna kitu. Tukazihamishia chati ukuta wa pili usiopigwa na mwanga, tukazishusha mpaka usawa wa macho yao. Vizibo tukavitia kwenye makopo sakafuni, wajichukulie wenyewe. Watoto wakawa wanasimama pale hata wakati wa mapumziko, wanagusa herufi kwa vidole. Chati moja ikachanika, tukaishona, basi.

Mwezi ukaisha. Mwalimu Mkuu akaingia, akatazama juu.

"Chati umezitupa?"

Tusekile akamvuta mkono. "Ziko huku, Mwalimu. Inama."

Akainama, haikutosha. Akapiga magoti na suruali yake ya pasi. Tusekile akaweka kidole: "Ba-ba. Ba-bu. Bi-bi." Akaja mwenzake, akasoma. Akaja mwingine, akasoma. Mwalimu Mkuu akabaki palepale chini, anatikisa kichwa.

"Mwalimu Atupele," akasema, "baki na watoto wako."

Weee! Atupele alikaa sakafuni kama aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Nami nilipiga kigelegele mlemle darasani, sikujali.

Tangu hapo, mwalimu mgeni akija na chati na misumari, Mwalimu Mkuu alimwambia neno hilihili la mama yenu kabla hajapanda kiti. Nalo likatoka shuleni, likaingia majumbani. Haya, nendeni mkavishushe vile vitabu. Mpanga darasa hupiga magoti.