Nguzo Chini ya Roshani

Mnisamehe mapema, wapendwa. Kisa hiki kinastahili msimulizi mwenye sauti ya upole, nami hata nikinong'ona majirani hufunga madirisha.

Inasimuliwa kwamba hapo zamani, katika milima ya Usambara, waumini wa usharika wa Kwemhanya walijenga kanisa lao la Kilutheri kwa miti mitupu: nguzo nane, kuta za mbao zilizopandana kama magamba ya samaki, na juu ya mlango roshani ya waimbaji na matarumbeta yao. Msumari haukutumika hata mmoja. Kila kiungo kilishikwa kwa kigingi. Na kila nyumba ilileta mti wake, asiwepo wa kukosa sehemu katika nyumba ya Bwana.

Mjenzi alikuwa fundi Yafeti Shekigenda, mcha Mungu, mwepesi wa huruma. Siku moja alikuta kando ya rundo la miti gogo lililoletwa na Bibi Loida, mjane mzee. Akaligonga, likaitika utupu: wadudu walikwisha kulila ndani. Akaona haya kumrudishia mjane sadaka yake mbele ya watu. Akalichonga, akalipaka rangi, akalisimamisha chini ya roshani.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kila alfajiri aliwahi kufagia unga uliodondoka kwenye nguzo ile, na kila alfajiri unga ulizidi. Waimbaji walipopanda kufanya mazoezi, yeye alibaki chini ameikumbatia nguzo, jasho linamtiririka, midomo inacheza kwa sala.

"Tazameni fundi anavyoipenda kazi yake!" watu wakasema.

Ikafika Jumapili ya kuliweka kanisa wakfu. Umati umesimama nje, waimbaji arobaini wako tayari kupanda. Kwa desturi, fundi akishapewa jogoo wa shukrani humkabidhi mchungaji ufunguo.

"Fundi, tupe ufunguo," akasema Mchungaji Zefania.

"Baba Mchungaji, sitoi."

Mzee wa kanisa akafoka, "Si tulishakupa jogoo? Unataka na kuku wake?"

Yafeti akapiga magoti. "Nguzo ya roshani imeoza ndani. Nilijua, nikaificha kwa rangi. Ni mti wa Bibi Loida, niliogopa kumwaibisha. Leo naogopa zaidi kuwazika."

Mpiga tarumbeta kubwa akaketi chini taratibu. Ndipo Bibi Loida akajipenyeza mbele.

"Mwanangu Yafeti, lile gogo lilikuwa kuni! Nililiweka pale karibu na jiko lenu mafundi, mpikie makande. Mti wangu wa kanisa aliuleta shemeji yangu kabla. Ndio huo mlango. Kwani ulishindwa kuniuliza?"

Ibada ikafanyika majanini. Kesho yake roshani ikategemezwa kwa miti mingine, nguzo ikatolewa, nayo ikavunjika mikononi mwa watu wawili kama mkate mkavu.

Wapendwa, yule mja alihofu aibu ya neno moja, akabeba hofu ya roho arobaini. Lakini alisema kabla mlango haujafunguliwa, na Mungu akamhesabia hilo. Tuige ukweli wake. Nasema hivi kwa sababu Jumapili iliyopita mzee wetu wa kanisa aliuliza ni nani aliyevunja benchi la mbele, nami, mwenye kilo zangu mia na kumi, niligeuka nikamkazia macho mke wangu.