Uvungu wa Gari la Mbwambo

Hapo zamani, si zile za fisi kuposa, ni hizi za watu kuchagua gari kwa kung'aa, Mbwambo wa milima ya Upare alitafuta gari. Mkewe Nakundwa alikuwa na mimba pevu, na katikati ya njia ya hospitali lilituna jiwe kama mgongo wa kobe.

Mbwambo akapenda gari jekundu. Shemeji yake, Mbonea, akalala chini na suti yake, akachungulia uvungu.

"Shemeji, bampa liko juu, tumbo linaning'inia! Jiwe halitazami bampa. Chukua lile la kijivu."

"Lile? Kama jogoo aliyenyeshewa!"

"Chukua!"

Akachukua.

Uchungu ukaanza asubuhi ya mvua. Wakapanda Nakundwa, Mbonea, na shangazi Naetwe, mama wa kujaza mlango, na mkungu wake wa ndizi. Springi zikalala. Kwenye jiwe: krrr! Gari likakwama, mbele haliendi, nyuma halirudi. Moyo wa Mbwambo ukashukia kwenye klachi. Sampo, lile bakuli la oili uvunguni, ikipasuka, oili itamwagika, injini itakufa, na mkewe atajifungulia matopeni.

"Baba, fanya hima," Nakundwa akaguna.

"Mnaona haya kuniambia kuwa mimi ni mzito?" akafoka shangazi. "Nashuka!" Akashuka, mkungu kichwani.

Gari likainuka vidole viwili, likarudi nyuma. Mbwambo hakulipitisha tena jiwe katikati ya magurudumu. Akapandisha gurudumu la kulia juu ya jiwe. La kushoto likaramba ukingo wa bonde lililo kando ya njia. Gari likapita.

Mtoto wa kike akazaliwa salama. Vita vikaanza: nani ampe jina?

"Mimi," akasema Mbonea. "Lile jekundu lingepasuka sampo kwa pigo la kwanza."

"Mimi," akasema shangazi, matope magotini. "Nisingeshuka, mngekuwa bado mmelikalia jiwe."

"Mimi," akasema Mbwambo. "Nani alichungulia bonde akiwa ameshika usukani?"

Nakundwa akafungua jicho moja. "Nyinyi mlihangaika na gari. Mimi nilihangaika na mtoto."

"Sawa," akasema shangazi, "lakini nikinyimwa, wakati wa kurudi sishuki!"

Mbwambo akatazama dirishani. Mvua inanyesha, jiwe liko palepale, na wote wanne, hata mtoto, wanamkodolea macho.

Haya, nyinyi mnaocheka: mngekuwa Mbwambo, mngesema nani alistahili kumpa mtoto jina?