Pilau ya Ijumaa

Wahenga, ambao hawakutukosea kitu isipokuwa kutuachia methali nyingi mno za kukariri, walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ni jiwe la jikoni. Chungu huhitaji mawe matatu, nayo yakae mbalimbali, kila moja upande wake. Yakibanana upande mmoja, chungu hupinduka, hata kama mawe yenyewe yanapendana kama ndugu wa tumbo moja.

Nabhan wa kidato cha tatu aliijua methali hii kwa moyo. Aliandika maana yake kwenye mtihani akapewa alama zote. Kuiamini lilikuwa jambo jingine.

Katika shule yake, shule ya bweni ya wavulana karibu na Mwera, kidato cha tatu huwapikia kidato cha nne pilau ya mahafali. Mwaka uliotangulia wapishi walitoka kila pembe ya nchi, wakabishana juu ya maji hadi wali ukawa uji. Nabhan, kiranja wa jiko, aliapa kwamba aibu hiyo haitarudi. Akachagua wapishi wanne: yeye mwenyewe, rafiki yake Hatibu na wengine wawili, wote vijana wa pwani, wote wa msikiti mmoja.

"Watu wa aina moja hawagombani," alilitangazia darasa.

Luka, mtoto wa mkulima wa Lushoto, alinyoosha mkono. "Na sisi tuna mikono."

"Nyinyi wa milimani mna makande yenu ya mahindi na maharage. Siku ya makande tutawaita."

Darasa liliangua kicheko. Anold, ambaye baba yake alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge hapo hapo Mwera, hakucheka. Luka alikaa chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu akiba.

Kusema kweli, Nabhan hakuwa na nafasi ya kukosea. Muhula huo huo alikuwa ameifunga kengele ya shule shingoni mwa mbuzi wa mlinzi, na wanafunzi mia nne wakapanga foleni ya chakula cha mchana saa tatu asubuhi. Mwalimu mkuu, Madam Ritha, alimwita ofisini.

"Pilau isipokuwa mezani saa nane kamili," alisema kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi, "utaondoka na baba yako siku hiyo hiyo, begi mkononi. Na hutarudi."

Mahafali yalikuwa yafanyike Jumamosi. Siku tatu kabla, mgeni rasmi akaomba yawe Ijumaa. Nabhan akafuta neno Jumamosi kwenye ratiba ya mapishi, akaandika Ijumaa, saa akaziacha vilevile. Wenzake watatu waliisoma wakaitikia kwa vichwa. Tangu utotoni wote wanne walikuwa wakiacha kila kitu mchana wa Ijumaa bila kufikiri, kama mtu asivyofikiri anapopumua. Kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro.

Ijumaa ikafika. Saa sita na nusu kilo thelathini za mchele zilikuwa zimekwisha kutumbukizwa katika sufuria kubwa, na supu ikatokota juu yake. Hapo adhana ikasikika kutoka msikiti ulio nje ya lango.

Hatibu aliacha kukoroga. "Nabhan. Leo Ijumaa."

"Najua. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Basi nani anabaki na sufuria?"

Wakatazamana wote wanne. Nabhan akaupokea mwiko wa Hatibu.

"Nitabaki mimi," alisema.

"Baba yako amekuja mahafali; nimemwona kutoka dirishani akiingia msikitini sasa hivi. Atakutafuta kulia, atakutafuta kushoto, kisha atakuja kukutafuta hapa. Utamwambia umeswali na wali?"

Mzee Saud, baba yake Nabhan, mfanyabiashara wa Makorora, hakuwa mtu wa kuambiwa maneno kama hayo. Nabhan akatoka mbio hadi ukumbini, ambako Luka na Anold walikuwa wakipanga viti.

"Luka, ndugu yangu."

"Tangu lini?" Anold aliuliza.

"Tangu sasa hivi. Nishikieni sufuria saa moja tu. Mkisikia maji yamekauka, palieni makaa juu ya mfuniko. Msifunue."

"Sisi tuna makande," Luka alisema, akinyoosha mstari wa viti.

"Nilisema upuuzi. Wakinifukuza leo, sina shule."

Luka aliachilia kiti. "Nenda. Unachelewa."

Hakusema atafanya nini, wala Nabhan hakuthubutu kuuliza.

Jikoni, upepo wa baharini ulikuwa umeanza kuvuma kwa nguvu. Makumbi ya nazi yaliyopangwa chini ya sufuria yalishika moto mkubwa, na ndimi zake zikapanda hadi usawa wa mfuniko. Luka na Anold walipofika, harufu ya bizari ilikuwa na uchungu kidogo ndani yake.

"Iache," Anold alinong'ona. "Wakiuliza, tutasema sisi hatujui kupika ila makande. Si kiranja mwenyewe alisema?"

Luka alisimama mikono kiunoni. Kulipiza kisasi hakujawahi kuwa rahisi hivyo: hakutakiwa kufanya chochote.

Kule msikitini hotuba ilikuwa ndefu kuliko zote tangu Nabhan azaliwe. Harufu ya moshi ilipenya dirishani. Alijitahidi kusikiliza juu ya subira, akaona hana hata chembe. Swala ilipokwisha alichomoka, kanzu ameikunja mkononi, Hatibu nyuma yake.

Jikoni hakukuwa na moto. Palikuwa na kichuguu cha majivu chini ya sufuria, na Luka ameketi kando yake. Anold alikuwa ametumbukiza mkono ndani ya ndoo ya maji.

"Umezima," Nabhan alisema.

"Nimeulaza. Kwetu makande hukaa jikoni usiku kucha. Moto ukipanda, unaondoa kuni, unaufunika kwa majivu, yanaiva chini kwa chini. Anold ameungua kidogo akiyatoa makumbi. Funua wewe, sisi tulikatazwa."

Nabhan alifunua. Wali ulikuwa umeiva punje kwa punje, na ukoko chini mwembamba kama karatasi.

Saa nane kasoro dakika tano pilau ilikuwa mezani. Madam Ritha alitazama saa yake, pengine kwa masikitiko kidogo. Mzee Saud alimaliza sahani akamwita mwanawe.

"Nani mpishi?"

Uongo ulimjia Nabhan ulimini, ukiwa mtamu. Akaumeza. "Tumeipika sisi, baba. Hawa wawili wameiokoa tukiwa msikitini."

"Shikamoo, mzee," walisema Luka na Anold.

"Marahaba, wanangu." Akamgeukia Nabhan. "Na kama hawa nao wangekuwa msikitini, tungekula nini?"

Nabhan akaipokea sahani tupu ya baba yake.

Walipokuwa wakisugua sufuria, Luka alisema, "Keshokutwa maharage ni zamu yetu, na ibada ya kanisani inaanza saa tatu. Nani atakaa jikoni?"

"Nitakaa mimi na Hatibu."

"Usifunue," Anold alimwambia.

Jioni hiyo Nabhan alichana ratiba yake akaandika mpya, majina ya pwani na ya milimani yakifuatana, kisha akaibandika ukutani juu ya mawe matatu yaliyokuwa bado na joto. Hakika jifya moja haliinjiki chungu.